Nani Mwingine Alikuwepo Mezani?

Mary Frances Kennedy alizaliwa Albion, jimbo la Michigan, tarehe 3 Julai 1908. Hapo hapana ugomvi. Ugomvi unaanzia kwenye kisa alichoijengea siku hiyo baadaye, alipokwisha kuwa M.F.K. Fisher, mwandishi wa chakula ambaye mshairi W. H. Auden alimhesabu miongoni mwa waandishi bora wa nathari Marekani nzima. Alisimulia kwamba joto lilikuwa la kutisha, kwamba zilibaki dakika chache tu kufika saa sita ya usiku, na kwamba mama yake alijikaza kumtoa kabla siku haijageuka kwa sababu mumewe alikwisha kumwonya: mtoto akizaliwa tarehe 4, siku ya uhuru wa Marekani, ataitwa Independencia.

Kukikubali kisa kama hiki chote ni uzembe, na kukitupa chote ni uzembe vilevile. Inabidi kichambuliwe kipande kwa kipande. Tarehe ina sajili. Michigan imekuwa ikisajili vizazi tangu 1867. Joto lina vipimo vya hali ya hewa na magazeti ya wiki ile, ingawa hapa pana kichekesho kidogo: baba yake, Rex Kennedy, alikuwa mmoja wa wenye gazeti la mji huo. Dakika zilizobaki kabla ya saa sita waliweza kuzijua daktari na waliokuwa nyumbani. Tishio la Independencia halina shahidi nje ya familia ya Kennedy, na anayetusimulia ndiye mtu pekee chumbani mle ambaye hakuweza kukumbuka lolote.

Waandishi wa chakula wa katikati ya karne ya 20 wana shida hii kuliko wanasiasa au wanajeshi wa zama zao. Jenerali akidai kwamba alikuwa mahali fulani siku fulani, zipo amri zilizoandikwa, zipo kumbukumbu za kikosi, na yupo adui aliyeandika ya kwake. Mwandishi wa chakula anadai kwamba akiwa msichana alikula chaza wake wa kwanza na tangu hapo hakuwa mtu yuleyule. Nani mwingine alikuwepo mezani? Mara nyingi hatajwi, au amekwisha kufa, au kitabuni amepewa jina lisilo lake. Chakula chenyewe kimeliwa, na hakuna ofisi inayotoa cheti cha mlo. Wasifu mzima unasimama juu ya shahidi mmoja, naye ndiye mwenye kesi.

Waliokaa madrasa wanaijua kanuni ya isnadi: habari hupimwa kwa mlolongo wa watu waliopokezana, na njia kumi zinazorudi kwa msimulizi mmoja hazihesabiwi kumi. Kanuni hiyo ingefaa ibandikwe juu ya meza ya kila anayeandika wasifu wa mtu wa namna hii. Elizabeth David, mwandishi wa chakula wa Uingereza, alifariki tarehe 22 Mei 1992. Fisher akamfuata mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 22 Juni. Tanzia huandikwa kwa saa chache, kutokana na majalada ya gazeti. Majalada hukusanya mahojiano ya zamani. Na kwenye mahojiano anayeongea ni mhusika mwenyewe. Kisha kamusi elezo huchukua kwenye tanzia, na dibaji za matoleo mapya huchukua kwenye kamusi elezo. Msomaji akikuta jambo lilelile sehemu sita hudhani limethibitika mara sita, kumbe anasikia mwangwi.

Kwa hiyo watu hukimbilia serikalini, na si vibaya. Mfano mzuri ni Fanny Cradock, aliyewafundisha Waingereza kupika kwenye televisheni na ambaye kuanzia 1950 aliandika pamoja na Johnnie Cradock katika Daily Telegraph kwa jina la Bon Viveur. Umma ulimjua kama mke wa Johnnie. Sajili zinasema mambo mengine. Alizaliwa Leytonstone mwaka 1909 kwa jina la Phyllis Nan Sortain Pechey. Mume wake wa kwanza, Sidney Vernon Evans wa jeshi la anga, alikufa katika ajali ya ndege 1927, muda mfupi baada ya harusi. Wa pili, Arthur Chapman, alimwoa 1928 na hakumpa talaka. Hilo halikumzuia kufunga ndoa nyingine 1939 na Gregory Holden-Dye, ndoa ambayo mbele ya sheria haikuwa ndoa, kabla ya kuhamia kwa Johnnie, ambaye naye alikuwa na mke na watoto. Jina la Cradock alilichukua kwa hati ya kisheria. Ndoa yake na Johnnie ilifungwa 1977, akiamini kwamba Chapman amekwisha kufa. Hakuwa amekufa.

Mtu anayeanzia kwenye tawasifu ya wawili hao, Something's Burning ya 1960, anaanzia mahali pabaya. Anayeanzia kwenye faharasa za ndoa anafika mbali zaidi, lakini naye ajue anachokishika. England na Wales zimesajili vizazi, ndoa na vifo tangu Julai 1837. Faharasa ya vizazi ilianza kuonyesha jina la ukoo la mama katika robo ya tatu ya 1911, na ya ndoa ikaanza kuonyesha jina la mwenzi mwaka uliofuata. Mtoto wa 1909 yuko upande wa nyuma wa mstari huo, kwa hiyo ukikuta jina lake kwenye faharasa hujui bado kama ni yeye au mwingine mwenye jina kama lake, mpaka ulipie cheti chenyewe. Kwa Cradock bahati iko upande wa mhakiki, maana Sortain Pechey si jina la kila mtaa.

Sensa nazo zina mashimo. Ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Anayemtafuta Mwingereza aliyekuwa kijana miaka ya 1930 anabaki na daftari la dharura lililoandikwa nyumba kwa nyumba tarehe 29 Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho. Daftari hilo lina tarehe za kuzaliwa, na kwa kuwa baadaye lilitumiwa na huduma ya afya ya taifa, makarani waliendelea kukata majina ya zamani na kuandika juu yake majina mapya ya wanawake walioolewa. Kwa mtu aliyebadili majina kama anayebadili aproni, mstari mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko sura nzima ya tawasifu.

Hata hivyo hati si msahafu. Cheti cha ndoa huandika umri ambao bibi harusi ameutaja, na Cradock alikuwa na desturi ya kujipunguzia miaka. Faharasa ya vifo imekuwa ikitoa tarehe ya kuzaliwa ya marehemu tangu 1969, na tarehe hiyo huletwa na yule aliyekwenda kutoa taarifa, ambaye pengine naye alidanganywa maisha yake yote. Hati hupata nguvu pale ambapo karani alikuwa na sababu ya kutolikubali neno la mtu hivihivi: penye urithi, penye mgawo wa chakula, penye pasipoti, penye fedha za mkataba. Pasipo na sababu hiyo, karani ni mwandishi wa imla tu, na mhuri wake haugeuzi madai kuwa ukweli.

Elizabeth David alikuwa kinyume cha Cradock. Huyu hakupamba, alinyamaza. Binti wa mbunge wa Sussex, aliyezaliwa tarehe 26 Desemba 1913, alifungua vitabu vyake kwa ndimu, mafuta ya zeituni na masoko ya bandari, na milango ya nyumba yake akaifunga. Kitabu chake cha French Provincial Cooking cha 1960 kimetabarukiwa kwa herufi mbili tu, P.H. Wasomaji waliziona herufi hizo kwa karibu miaka arobaini kabla ya waandishi wa wasifu kueleza kwamba ni Peter Higgins, mtu aliyempenda kwa miaka mingi. Vitabu viwili vya wasifu wake vilitoka karibu kwa pamoja, cha Lisa Chaney 1998 na cha Artemis Cooper 1999, cha pili kikiwa na idhini na kikiwa kimefunguliwa nyaraka zake. Watu walilalamika kwamba viwili ni vingi. Mimi naona ni neema, kwa sababu ni nadra mwandishi wa chakula kupata wachunguzi wawili wanaopita njia zisizofanana kwa wakati mmoja. Pale wanapokubaliana mtu anaweza kusimama. Wanapotofautiana, angalau anajua pa kuchimba.

Na David ana kitu ambacho wengi wa kundi lake hawana: shahidi wa pembeni. Mwaka 1939 aliondoka Uingereza kwa mashua iitwayo Evelyn Hope akiwa na Charles Gibson Cowan, mwigizaji mwenye mke. Walikaa Antibes, ambako mwandishi mzee Norman Douglas alimfundisha kutokubali chakula kibaya, kisha wakaelekea Sicily na kuangukia mikononi mwa Waitaliano wakati Italia ilipoingia vitani, tarehe 10 Juni 1940. Mashua ilichukuliwa, nao wakashukiwa kuwa majasusi kabla ya kuachwa wavuke hadi Ugiriki kupitia Yugoslavia. Cowan aliandika kitabu chake mwenyewe kuhusu safari hiyo, The Voyage of the Evelyn Hope, kilichotoka 1946. Kwa hiyo tuna masimulizi mawili ya watu waliolala mashua moja, pamoja na tarehe ya kuingia vitani ambayo haibishaniwi na yeyote. Cowan naye alikuwa na sababu zake za kujipendezesha, lakini hazikuwa sababu za David, na hilo ndilo linalompa uzito.

Tofauti na hapo ni kisa cha jinsi alivyoanza kuandika: hoteli ya Ross-on-Wye, baridi kali ya 1946 kuingia 1947, chakula cha kusikitisha, naye kwa hasira akakaa chini kuorodhesha vyakula vya jua. Kisa hiki kilienea kwa makala aliyoichapisha mwenyewe katika The Spectator mwaka 1963, miaka kumi na sita hivi baada ya tukio. Baridi ile ilikuwapo, Uingereza nzima inaikumbuka. Mgawo wa chakula ulikuwapo pia, ukaendelea hadi Julai 1954, miaka minne baada ya A Book of Mediterranean Food kutoka. Mazingira yote yanathibitika. Hasira haithibitiki, na hasira ndiyo moyo wa kisa. Ninaiamini, lakini kuamini kwangu hakupaswi kuandikwa kwenye wasifu kana kwamba ni hati. Tena penye msingi imara namna hii ndipo chuku hukua vizuri: imezoeleka kusema kwamba kabla ya David mafuta ya zeituni yaliuzwa famasia tu, ya kutilia masikioni. Maduka ya Waitaliano wa Soho yalikuwapo tangu kabla ya vita, na hayakuwa yakiuza dawa za masikio.

Turudi kwa Fisher, maana kwake ndiko hila ilikofikia usanii. Kitabu chake cha The Gastronomical Me, cha 1943, kinavipa vichwa vingi vya sura mwaka: 1912, 1924, 1929 hadi 1931. Msomaji anaona miaka na anatulia kama aliyekabidhiwa daftari la matukio. Chukua sura ya chaza wa kwanza, iliyowekwa 1924 katika shule ya bweni ya wasichana. Rekodi za maisha yake zinaonyesha kwamba mwaka huo kweli aliingia shule ya bweni, Bishop's School ya La Jolla, California. Kitabuni shule ina jina jingine. Mwaka umeshika, mahali pamefunikwa, na kuhusu chaza tunaye yeye tu, aliyeandika karibu miaka ishirini baadaye akiwa amekwisha kuwa mtu ambaye kwake chaza walikuwa kitabu kizima, Consider the Oyster cha 1941. Je, msichana wa miaka kumi na sita aliona yote yale siku ile, au mwanamke wa thelathini na tano alimrudia na kumwazima macho yake? Swali hilo halina sajili. Lina jibu la kifasihi, na mwandishi wa wasifu asiyeweza kusoma fasihi hatalipata hata apewe kasha zima la barua.

Mtu muhimu kuliko wote kitabuni anaitwa Chexbres. Hakuna mtu wa jina hilo. Ni kijiji cha Uswisi karibu na mahali alipoishi naye. Jina halisi ni Dillwyn Parrish, mchoraji, ambaye kwa ajili yake ndoa yake na Alfred Fisher ilivunjika. Parrish alipata maradhi ya mishipa ya damu, akakatwa mguu 1938, na mwezi Agosti 1941 akajipiga risasi huko California. Msomaji wa The Gastronomical Me anahisi kifo kinamzunguka kila mlo, lakini asipojua habari kutoka nje hatoki na maelezo hayo. Aliyeyaweka pamoja ni Joan Reardon, katika wasifu wake wa 2004, Poet of the Appetites, kwa kulaza vitabu kando ya barua na shajara na kuangalia wapi havilingani. Wapenzi wengi wa Fisher hawakufurahi. Waliona kwamba anavuliwa nguo. Sikubaliani nao. Nathari ile haipungui hata chembe kwa kujua kwamba yule mwanamke aliyekuwa akila samaki kwa utulivu ukurasani aliandikwa na mjane wa karibuni tu. Kwangu mimi inakuwa kali zaidi. Kinachopungua ni matumizi yake kama ushahidi, na hilo lilistahili kupungua.

Nyenzo zinazofaa kwa mtu kama yeye ni za kawaida kabisa. Orodha za abiria waliorudi Marekani kwa meli zinaandika jina, umri, na kama msafiri ana ndoa au hana, na husaidia kujua nani alisafiri na nani. Mikataba na barua za wachapishaji hueleza kitabu kiliandikwa lini hasa, si lini mwandishi anakumbuka kukiandika. Hata jina la kwenye jalada linahitaji tahadhari: kwa kuwa alisaini kwa herufi za mwanzo, baadhi ya wasomaji wa mwanzo walidhani ni mwanamume, na jina la ukoo aliloandikia maisha yake yote lilikuwa la mume wa kwanza, ingawa baada yake aliolewa na Parrish na kisha, mwaka 1945, na Donald Friede. Anayemtafuta kwenye nyaraka kwa jina la jalada peke yake atampoteza kwa miaka mizima.

Kuna mahali ambapo kazi hii inafika ukutani. Agosti 1943 Fisher alipata binti. Aliwaambia watu kwamba amemwasili. Ukweli ni kwamba alimzaa, na hadi anakufa hakumtaja baba hadharani. Jambo la kwanza, kwamba alimzaa, ni la kihistoria, kwa sababu linabadilisha tunavyoielewa miezi aliyokuwa akikiandika The Gastronomical Me: kitabu kile cha njaa na kushiba kiliandikwa na mjamzito aliyekuwa akijificha. Jambo la pili sioni kinachomfanya msomaji alidai. Kubahatisha jina la baba kwa kuhesabu nani alikuwa mji gani mwezi gani ni mchezo, hata ukichezwa na mtu mwenye shahada, na linaloandikwa kwa kubahatisha huingia kwenye ule mlolongo wa mwangwi na baada ya miaka ishirini hunukuliwa kama jambo lililojulikana siku zote.

Mwangwi huo hauna huruma hata kwa waliosema kweli. Alice B. Toklas alichapisha kitabu chake cha upishi 1954, na ndani yake mlikuwa na andazi la bangi alilotumiwa na rafiki, Brion Gysin, na ambalo toleo la kwanza la Marekani liliondoa. Halikuwa lake, lakini kwa watu wengi ndilo kitu pekee alichowahi kupika. Upande wa pili yupo Betty Crocker, ambaye mwaka 1945 jarida la Fortune lilimweka nafasi ya pili kwa umaarufu kati ya wanawake wa Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt tu. Huyo hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu njema: alibuniwa 1921 na kampuni ya unga.

Na msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani na Uingereza tu. Mwaka 1968 Fisher aliandika kitabu cha upishi wa mikoa ya Ufaransa katika mfululizo wa Foods of the World wa Time-Life. Miaka miwili baadaye mfululizo huohuo ulitoa African Cooking, kinachopita pia Afrika Mashariki, na mwandishi wake alikuwa Laurens van der Post, Mwafrika Kusini aliyeaminiwa na Mfalme Charles alipokuwa bado mwana wa mfalme. Alipofariki 1996 dunia ilikuwa na wasifu wake kamili, wote kutoka kinywani mwake. Mwaka 2001 J.D.F. Jones, aliyepewa ruhusa na familia kutumia nyaraka, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba sehemu kubwa ya wasifu ule, kuanzia cheo chake cha jeshi hadi hadithi za utotoni, haikusimama. African Cooking bado kinazunguka kwenye maduka ya vitabu vya mitumba, na jina la mwandishi wake bado hunukuliwa bila tahadhari. Kurasa zake za huku kwetu zinasubiri mtu wa kuzipima kwa namna Reardon alivyompima Fisher: alipita mji gani, mwaka gani, na nani alimpikia.

Mwenye nia ya kuanza ana vifaa ambavyo waliotangulia hawakuwa navyo. Marekani hufungua sensa zake baada ya miaka 72, na ile ya 1950, mwaka ambao karibu waandishi wote wa Marekani waliotajwa hapa walikuwa hai na wakifanya kazi, imekuwa wazi tangu tarehe 1 Aprili 2022. Waingereza husubiri miaka 100. Ya kwao ya 1951, itakayotuonyesha nani aliishi nyumba moja na nani mwaka mmoja baada ya David kuchapisha kitabu chake cha kwanza, bado imefungwa.